Mashati Mawili: Maisha ya Mama Yetu, Mkaguzi wa Kiwanda

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi wa kiwandani mliokuja na basi la kazi: poleni, na asanteni kwa kutusitiri. Wenye karatasi ya ratiba mkononi wataona kwamba ninachosoma hakilingani na kilichochapwa ukurasa wa tatu. Msiyalaumu macho yenu. Karatasi ilichapwa Jumatano, na Alhamisi nikafungua kabati la chini la marehemu. Tarehe moja kwenye karatasi hiyo haina uhakika, na mstari mmoja ni uongo. Mstari huo niliuandika mimi, bintiye, nikiamini ni kweli tangu nikiwa na miaka minane, na anayehusika nao ameketi pale safu ya kwanza. Nimesimama hapa kuufuta mbele yake. Jinsi ya kuufuta siijui vizuri, kwa hiyo nivumilieni.

Mstari wenyewe unasema: "Marehemu alijivunia jinsi binti yake alivyomsaidia pacha wake kujifunza kusoma." Tutaufikia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 11 Aprili 1957, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga unga. Karatasi inasema tarehe 1 Julai 1958, kwa sababu ndivyo kitambulisho kinavyosema. Mama mdogo, ambaye leo si mtu wa kubishana naye, amekikataa kitambulisho. "Mimi nimezaliwa mwaka hamsini na nane, mwezi wa sita," aliniambia. "Sasa dada yangu mkubwa aje nyuma yangu mwezi mmoja, tumbo la mama lilikuwa kituo cha basi?" Nikaandika Aprili. Mimi ni karani wa kumbukumbu hospitalini, kazi yangu ni tarehe na majalada, na juma hili vyote vimenikimbia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kuimaliza mwaka 1970. Cheti chake cha mwisho tumekikuta kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na chini yake mwalimu mkuu ameandika maneno mawili tu: "Anauliza mno." Mwalimu alikusudia kulalamika. Marehemu aliyachukua kama sifa na kukitunza cheti miaka hamsini na minne. Alifaulu kuendelea na masomo, lakini mwaka huo baba yake alivunjika mguu kinuni, na nyumba ikahitaji mikono yake. Kuhusu hilo hakulalamika wala hakujisifu. Alisema tu kwamba alibaki na maswali mengi na hakuna wa kumuuliza.

Jumatatu tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati, kazi ya kukata nyuzi. Baadaye akashona kola, na kuanzia mwaka 1983 hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012 alikuwa mkaguzi. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha la upande wa mashariki, kwa sababu kasoro inaonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa asubuhi. Alikuwa na chaki mbili. Shati zima alilichora mduara mdogo ndani ya ukosi, na lenye kasoro akalichora msalaba.

Wenzake wa kiwandani watanisaidia kushuhudia desturi yake moja, maana nimeisikia kwao juma hili kwenye matanga. Msimamizi wa wakati ule alikuwa mkali. Mshonaji akionekana amerudishiwa shati, alikemewa mbele ya ukumbi mzima, mashine zikisimama ili kila mtu asikie. Basi marehemu hakulirudisha shati bovu peke yake hata siku moja. Alichukua bovu, akachukua na zima la mshonaji yuleyule, akayakunja pamoja, akatembea nayo mikononi mpaka kwenye mashine, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hebu tazama haya mawili." Msimamizi alipopita aliona mashati mawili na hakujua lipi ndilo lenye neno. Mshonaji alilijua. Alilifumua, akalishona upya, na yote mawili yakarudi mezani. Mama mmoja aliyeshona mikono ya mashati miaka kumi na tisa aliniambia, "Mama yako alinirudishia mashati mengi, mwanangu, na sijawahi kuaibika." Nilimshukuru nikapita. Ilikuwa Jumatano, na kabati lilikuwa bado limefungwa.

Marehemu alifunga ndoa na baba yetu Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980. Baba alikuwa fundi wa mashine za kushonea palepale kiwandani, mtu mpole, mchache wa maneno. Inasemekana mwaka ule mashine ya marehemu iliharibika mara kumi na moja ndani ya mwezi mmoja, na kila ilipofunguliwa haikukutwa na ubaya wowote. Msimamizi aliandika ripoti juu ya mashine. Angeandika juu ya fundi angekuwa karibu zaidi na ukweli. Waliishi pamoja miaka ishirini na minane, hadi baba alipofariki tarehe 17 Mei 2009.

Jumamosi tarehe 9 Juni 1984 walipata mapacha, mvulana na msichana. Mvulana alitangulia kwa dakika kumi na nane, na tangu hapo hajawahi kuharakisha kitu kingine. Huyo ndiye fundi bomba mnayemfahamu wote kwa jina la Polepole, aliyewafungia wengi wenu mabomba ya jikoni, na ambaye gari lake limeandikwa mlangoni "Polepole ndio mwendo". Msichana ndiye mimi. Wasifu unatakiwa kumsema binti wa marehemu kwa mbali, kama mtu mwingine. Nimejaribu usiku na mchana na nimeshindwa, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema mimi.

Sasa nieleze ninachokikumbuka, halafu nieleze kilichomo kabatini, nanyi mtaona kwa nini nimechanganyikiwa.

Ninachokikumbuka ni hiki. Mwaka 1993 tulikuwa darasa la tatu. Siku moja mwezi wa pili mama alinikalisha kitandani kwake akaniambia, "Nduguyo ameitwa kwenye chumba cha stoo, akasaidiwe kusoma. Akienda peke yake ataona haya. Utamsindikiza?" Nikasema nitamsindikiza, ila mimi sisomi, mimi ni wa kumsindikiza tu. Mama akakubali. Basi kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha tatu, tuliondoka darasani wawili, tukapita nyuma ya matangi ya maji, tukaingia stoo. Kulikuwa na mipira isiyo na upepo, mafagio, maboksi ya chaki, na meza moja ndogo. Mwalimu wa stoo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa ndugu yangu kitabu. Ndugu yangu alianza, akafika katikati ya neno, akasita. Mwalimu alingoja kidogo, kisha akanigeukia mimi na kusema, "Msaidie nduguyo hapa."

Nami nilimsaidia. Ilinichukua muda, lakini nilikuwa na hamu, maana nilionekana mkubwa. Siku za Jumamosi mama alinikalisha tena: "Jumanne nduguyo atasomeshwa ukurasa huu. Utamsaidiaje wakati wewe mwenyewe hujaupitia?" Nikaupitia. Nikaurudia. Kila wiki nilijiandaa ili nisiaibike mbele ya mwenye shida. Na kwa kuwa mtoto akipewa ukubwa hulewa, darasa la nne, kwenye foleni ya maji, ndugu yangu alipochelewa kujibu jambo nilisema kwa sauti, "Mwacheni, huyo ni Polepole, hata kusoma anasoma hivyohivyo." Watoto wakacheka. Jina likashika. Limeshika mpaka leo, miaka thelathini, na wengi wenu mlio hapa hamjui alipewa na nani. Alipewa na mimi.

Nilikua nikijua hivyo. Nikamaliza sekondari, nikasomea kazi yangu, na popote nilipojieleza nilisema nilianza ualimu nikiwa na miaka minane, kwa kumfundisha pacha wangu. Watu walifurahi. Mama alikuwepo mara nyingi nikisema hayo, akawa anatazama mikono yake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kabatini nimekuta madaftari matatu yenye jalada la bluu. Juu ya la kwanza imeandikwa kwa mkono wa mwalimu, "La kwenda na kurudi: shule na mzazi." Ukurasa wa kwanza una tarehe 9 Februari 1993. Mwalimu ameandika hivi: "Mzazi, binti yako anasoma herufi mojamoja. Akifika mwisho wa neno amesahau mwanzo wake. Anaficha kwa kukariri wanachosoma wenzake. Napendekeza vipindi viwili kwa wiki. Nimemwita mara mbili amekataa, na jana alijifungia chooni mpaka kengele ya kutoka. Kijana wako hana tatizo, anasoma vizuri kuliko wengi."

Nilichukua penseli nimsahihishe. Kwa kweli nilichukua penseli. Kazini nikikuta jalada la mgonjwa limeandikwa mwanamke badala ya mwanamume huwa narekebisha pembeni na kutia saini, nikadhani mwalimu alichanganya mapacha, maana si wa kwanza. Nikafungua ukurasa wa pili: binti. Wa tatu: binti. Nikafika wa sita ndipo nikaiweka penseli chini, kwa sababu pale mwalimu aliandika juu ya mtoto aliyejifungia chooni na kukwaruza mlango kwa kifuniko cha kalamu, na mlango ule naukumbuka.

Jibu la mama kwa barua ile ya kwanza limejaa ukurasa mzima. Ameshukuru kwa kupewa taarifa, kisha maswali yakaanza. "Mwalimu, kasoro iko wapi hasa? Kwenye herufi, kwenye kuziunganisha, au kwenye woga? Nikijua mshono nitajua pa kushika. Akikwama mdomo wake unafanyaje? Anaona mistari au anairuka? Na tafadhali, usiniandikie kwamba anaendelea vizuri. Hilo halinisaidii. Niandikie amesoma nini, amekwama wapi, na mimi nifanye nini Jumamosi." Chini yake baba naye ameandika, maana mwalimu alitaka wazazi wote wawili waandike: "Nimesoma. Sijaelewa. Muulizeni mama yao." Nililia hapo kwa mara ya kwanza juma hili, na nilikuwa nacheka.

Kisha mama akaandika mpango wake. "Kazini kwetu shati lenye kasoro halirudishwi peke yake. Naomba uwachukue wote wawili. Kijana nimezungumza naye. Atasita pale utakapomwonyesha, nawe umwambie dada yake amsaidie. Binti yangu hawezi kukubali kusaidiwa, lakini kusaidia hatakataa."

Ndivyo ilivyokwenda, wiki baada ya wiki, kwenda na kurudi. Saa ya chakula mama alitoka kiwandani na futi ya kupimia bado shingoni, akafika getini kwa shule kuulizia maneno asiyoyaelewa, akarudi kazini kabla ya king'ora. Mwalimu alipoandika kwamba naruka mistari, mama alichukua kadibodi ngumu inayowekwa ndani ya shati jipya, akaikata tundu refu lenye upana wa mstari mmoja, ili niweke juu ya ukurasa nione mstari ule tu. Alikata mbili, kwa sababu kwake vitu vilikwenda viwiliviwili. Kadi yangu niliipenda sana. Niliamini nimepewa ili nimwonyeshe mwenzangu inavyotumika.

Sasa nifike pagumu. Tarehe 14 Juni 1994 mwalimu ameandika: "Mzazi, binti anasonga. Ila nina neno juu ya kijana. Ameanza kusita hata pale ambapo sijamwonyesha. Wenzake wanamwita Polepole, sijui nani kaanza. Wewe unasema mashati mawili hurudi pamoja. Ninakuuliza, lile zima linarudi kufanya nini?"

Jibu la mama ni fupi kuliko majibu yake yote. "Aliyeanza jina namjua. Swali lako sina jibu lake. Nimelala nalo siku tatu. Tukiacha sasa binti atajua, na atajifungia tena. Nipe mpaka mwisho wa mwaka. Kijana nitamwomba radhi mwenyewe."

Ijumaa tarehe 25 Novemba 1994 mwalimu ameandika mstari mmoja: "Leo binti amesoma ukurasa mzima bila kuulizwa na bila kusaidia mtu." Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Nilikaa na madaftari yale tangu Alhamisi mchana. Kwanza nilimkasirikia mama. Halafu nikamkasirikia mwalimu, ambaye amefariki miaka mingi na hana la kujibu. Halafu nikaona aibu, na aibu ikanizidi hasira, na katikati ya yote hayo nikagundua kwamba ninamkasirikia mtu kwa maneno ambayo nisingeweza kuyasoma kama asingeyafanya aliyoyafanya. Mkinitaka niseme leo nimefikia wapi, sijafika. Kuna dakika namshukuru na kuna dakika nataka nimuulize, na wa kuulizwa yuko kwenye sanduku hili.

Jana asubuhi, saa nne, nilimkuta ndugu yangu uani kwa mama, amechuchumaa, anabadilisha koki ili waombolezaji wapate maji. Nikamwonyesha daftari. Hakulishika, mikono yake ilikuwa na maji.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasita," akasema. "Ningekosaje kujua?"

"Na ulikubali tu? Mtoto wa miaka minane?"

"Usinipe utakatifu nisiokuwa nao. Kipindi cha tatu kilikuwa hesabu." Akakaza koki, akaijaribu, ikavuja, akaifungua tena. "Mama aliniahidi na mpira. Mpira wenyewe ulikuja umepasuka, ni wa dukani kwa yule mzee, unamkumbuka?"

Nikamwambia sitaki habari za mpira. Nikamsomea neno la mwalimu kuhusu lile shati zima. Alizungushia koki uzi mpya, akaikaza tena.

"Mwanzo nilikuwa naigiza," akasema. "Baadaye, nikipewa kitabu mbele za watu, ulimi ulikuwa unasimama wenyewe. Nikawa sijui tena kama naigiza au ndiyo mimi. Mpaka leo sijui, dada. Nikiwa peke yangu nasoma gazeti zima. Mbele za watu, hapana."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Mama alisema nisikwambie mpaka umalize masomo. Nikangoja. Ukamaliza sekondari, ukaanza cheti. Ukamaliza cheti, ukaanza diploma. Juzijuzi umeniambia unataka kwenda chuo cha jioni." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nilikuwa nangoja umalize. Wewe humalizi."

Nikamwomba radhi kwa lile jina. Akasema niliache, rangi ya mlango wa gari ni ghali na bomba halikuulizi unasoma kwa mwendo gani. Nilijua anatania, na nilijua pia kwamba si utani wote.

Kitu kimoja zaidi nilikielewa palepale uani. Kila tarehe 9 Juni, siku yetu ya kuzaliwa, mama alimpa ndugu yangu shati jipya la kiwandani, lililokaguliwa na yeye mwenyewe. Kila mwaka, hata baada ya kustaafu, aliagiza kwa wenzake. Mimi nilipewa kitambaa, au kanga, au soksi. Nilinung'unika tangu utoto kwamba anampendelea, na shangazi zangu ni mashahidi wangu, maana niliwachosha. "Yale mashati," nikamuuliza, "alikuwa anakwambia nini akikupa?" Akasema, "Alikuwa anasema, 'Hili halina neno, mwanangu. Nimelitazama lote.'" Shati alilovaa leo ndilo la mwisho. Anayetaka amtazame.

Marehemu aligundulika na maradhi ya figo tarehe 15 Machi 2022. Kwa miaka miwili na nusu alisafishwa damu mara mbili kwa juma, katika hospitali ninayofanyia kazi. Madaktari watanisamehe nikisema walimwogopa kidogo. Daktari kijana alimwambia siku moja, "Mama, unaendelea vizuri." Akamjibu, "Mwanangu, hilo halinisaidii. Niambie figo imefanya nini juma hili, imekwama wapi, na mimi nifanye nini Jumamosi." Daktari akavuta kiti, akakaa, akaeleza kwa dakika ishirini. Nilikuwa mlangoni na jalada mkononi, nikaona mama yangu ana maneno yake ya ajabu. Leo najua aliyatoa wapi.

Jumapili tarehe 6 Oktoba alinishika kidole, akasema, "Kabati la chini. Usome na nduguyo. Usisome peke yako." Nilidhani ni orodha ya simu za ndugu. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, sisi wawili tukiwa kitandani kwake, mmoja kila upande. Alikuwa na miaka sitini na saba kwa hesabu ya mama mdogo. Na siku mbili baadaye nililifungua kabati nikasoma peke yangu, kinyume na alivyoniagiza. Nalo ni kosa langu, niliandike kwenye jalada.

Kwa hiyo wenye karatasi, ukurasa wa tatu, mstari wa tisa, futeni. Wenye kalamu waandike badala yake: "Mwana wa marehemu alimsaidia pacha wake kujifunza kusoma, na pacha huyo hakujua." Wasio na kalamu wakumbuke tu.

Marehemu ameacha watoto wawili: mwana, fundi bomba, na binti, karani. Ameacha mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja mwenye kumbukumbu kali kuliko serikali, na wafanyakazi wenzake wengi ambao hawakuwahi kuaibika mikononi mwake. Ndani ya daftari la tatu ameacha pia zile kadi mbili. Ya kwangu imechakaa, kingo za tundu zimekuwa nyororo, na nyuma yake kuna mduara wa chaki ulioandikwa 25 Novemba 1994. Ya ndugu yangu haijachakaa hata kidogo. Mduara wake una tarehe 9 Februari 1993, siku ya barua ya kwanza kabisa, hata kabla kadi hizo hazijakatwa.

Umebaki mstari mmoja. Nimeuandika kwa herufi kubwa na nimeweka kadi juu yake, na ninauona vizuri, ila sitauweza. Jana nilimwomba ndugu yangu aje tuusome pamoja. Akasema, "Tutaona." Hana deni la kuja, na akikaa pale alipo hakuna wa kumlaumu. Lakini nataka nimwambie mbele yenu kwamba tutausoma kwa sauti mbili kwa wakati mmoja, na atakayekwama hatajulikana ni nani.

Njoo, ndugu yangu. Nisaidie hapa.

MAMA, PUMZIKA KWA AMANI. TUMERUDI WOTE WAWILI.